Blogu ya Makuti ya Bi Twaiba

Jumatatu, 4 Agosti
Bega limevimba. Nimebeba makuti tangu alfajiri, kisha Bi Twaiba akanituma hoteli moja ya Diani kupanga viti vya semina. Bahati! Niliisikia yote nikiwa mlangoni na kiti kichwani. Msemaji alisema biashara yenye blogu haifungi duka: mteja akiuliza usiku, blogu humjibu, na akishajibiwa anakuamini kabla hajakuona. Nikajua papo hapo. Mwenye kuandika blogu hukaa kitini. Chini ya feni. Mimi Musyoki wa Mwingi, niliyeachia shule darasa la saba, nimepata pa kuutua mzigo huu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwambia Bi Twaiba. Aliuliza hiyo blogu huliwa na nini. Nikaeleza. Akasema haya mwanangu, andika, lakini jua likiwa juu ni kubeba tu. Ukileta wateja nitakuweka ofisini. Karisa, fundi wetu wa kuezeka, alicheka hadi ikabidi ashuke ngazi. Eti Mkamba sasa ataezeka nyumba kwa simu. Acheke! Makala ya kwanza iko tayari: makuti yaliyoshonwa kwa kubanana hudumu, yaliyoachana huvuja mapema, na paa lisilale sana.

Alhamisi, 7 Agosti
Amepiga simu mteja! Bi Mukonyo wa Ukunda, anajenga vyumba vya wageni. Alisema kila alikokwenda alitajiwa bei tu. Sisi tumemfundisha, basi atanunua kwetu. Bi Twaiba alinitazama kama mtu. Karisa hakucheka. Sasa nimetumwa Mkongani kukusanya makuti, nitalala huko, na simu haishiki mtandao. Msemaji alisema blogu hunoga kwa hadithi za wateja wenye furaha. Nitatafuta moja.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeipata! Lori letu limepita Msambweni, mbele ya kwa Mzee Shutu. Juzijuzi tu tumemwezekea banda la uani. Leo banda limejaa! Masufuria ya pilau, wanaume mkekani wakisoma vitabu kwa pamoja, wanawake ndani. Harusi, bila shaka, mzee ameongeza mke wa pili. Bibi harusi sikumwona, lakini miaka niliyokaa Pwani imenifundisha kwamba bibi harusi hufichwa. Nikapiga picha kutoka juu ya lori. Mzee Shutu mwenyewe katikati, kanzu nyeupe. Hata Bi Twaiba yumo, mlangoni, akijifuta macho kwa moshi wa kuni. Nimeandika: harusi ya kufana chini ya makuti yetu, bwana harusi Mzee Shutu haogopi mvua, na umri si kitu. Kufikia magharibi imesambaa hadi Vanga. Sijawahi kusomwa hivi!

Jumapili, 10 Agosti
Ilikuwa hitima.
Mkewe Mzee Shutu alifariki Alhamisi, mimi nikiwa njiani kwenda Mkongani. Mashemeji wa Vanga wamempigia mzee wakiuliza kama kweli ameoa kabla mchanga haujakauka. Wengine wamempa hongera. Bi Twaiba alikuja chumbani kwangu asubuhi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema futa, kisha vaa shati, twende. Karisa aliyetuendesha aliniuliza mara moja tu: bwana wee, watu wanasoma hitima na wewe unaona harusi?
Njia nzima nilimkumbuka marehemu. Ndiye aliyetuletea muhogo na chai tukiwa juu ya paa. Aliniuliza mke wangu anaitwa nani. Nikamwambia Ndulu, yuko Mwingi, sijamwona tangu Krismasi. Akasema mwanangu, mpigie, hata kama huna la kusema. Nikaitikia ndiyo, mama. Sikupiga.
Nilimwamkia Mzee Shutu shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Akajibu marahaba, polepole. Aliuliza kama kweli sikujua. Nikasema sikujua. Akasema mkewe angecheka sana: bwana harusi, na magoti haya mabovu! Akacheka yeye. Halafu akalia, na mimi sikujua pa kuweka mikono. Mwishoni akanipa simu niwaeleze mashemeji kwa kinywa changu, mmoja mmoja. Walinitukana. Nikasema naam. Walistahili kunitukana zaidi.

Jumatatu, 11 Agosti
Kiti nimekikosa. Bi Twaiba ameamua kwamba blogu ni kitu kizuri, Bi Mukonyo ameshachukua makuti yake na ameleta na jirani. Ubaya ni mwandishi. Ataandika Karisa. Nilimwona mchana chini ya feni, akiniuliza kwa adabu neno "kubanana" huandikwaje. Nikamwambia, bunda la makuti likiwa begani.
Lakini nimejifunza! Jioni hii nimefungua blogu yangu mwenyewe. Makala ya kwanza: jinsi biashara inavyorudisha imani ya mteja iliyemuudhi. Nani ana mfano kunishinda? Jina la Mzee Shutu silitaji, nina adabu. Nimeandika tu mgane mmoja wa Msambweni, mwenye banda jipya, aliyelia mbele yangu. Nani atamjua?
Ndulu amepiga mara mbili. Nitampigia nikimaliza aya hii.
Aya imekuwa ndefu.