Buibui wa Kijani na Lebo Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Wengi hukosea hapa: hudhani buibui mpya hugunduliwa msituni. Msituni hukamatwa tu. Hugunduliwa mezani, mtu mvumilivu anapomlinganisha na wote wanaojulikana akakuta hafanani na yeyote.

Leo mpishi wa kituo chetu cha utafiti kaniletea mmoja aliyemkuta kwenye lundo la kuni. Kijani, mistari miwili myeupe mgongoni. Nikamwambia ni wa kawaida, asijisumbue. Moyo ulikuwa unanienda mbio. Miaka thelathini na moja nakusanya viumbe katika msitu huu, na hakuna hata kimoja chenye jina langu. Nastaafu mwisho wa mwezi.

Desturi ya fani yetu: anayeieleza spishi mpya kitaalamu ndiye huipa jina, ila si lake mwenyewe. Ni aibu. Lakini aghalabu humheshimu aliyeikusanya kwa kuipa jina lake. Basi nitamkabidhi Bibi Hadubini, mtaalamu wetu wa buibui, aieleze yeye. Kwenye lebo, penye mkusanyaji, nimejaza jina langu. Mahali: juu ya mti, mita kumi na mbili. Kuni hazina heshima.

Jumanne, 4 Machi
Bibi Hadubini kamtazama saa nzima. Hajawahi kuona kama huyo. Halafu akasema ni mtoto. Nieleze: spishi za buibui hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, na mtoto bado hana. Anataka dume mzima, yule mwenye vikono viwili karibu na mdomo vilivyovimba kama glovu za ndondi.

Nimeshinda msituni nikipiga vichaka juu ya mwavuli uliogeuzwa, ili wadudu waangukie ndani. Nimepata siafu. Wengine nimewapata ndani ya shati.

Jumatano, 5 Machi
Mpishi alipokuwa akimenya viazi, nilijipenyeza kwenye kuni zake. Madume matatu! Lebo ileile, mita zilezile. Bibi Hadubini kanipa mkono. Spishi ni mpya, hana shaka, na jina tayari analo kichwani. Alitabasamu aliposema hivyo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, jinsi ya kupokea habari kwa unyenyekevu. Mara nne.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Anataka kuona utando wao. Maelezo ya spishi bila makazi yake ni pungufu; somo hilo nilimfundisha mimi mwenyewe. Kauliza mti gani. Nikaonyesha uliokuwa karibu. Akaniomba, kwa adabu zote, nipande kama nilivyopanda siku ile.

Nilifika mita tatu. Hapo kupanda kukashindikana, na kushuka vilevile. Mpishi akaja na ngazi.

"Babu, huko juu unatafuta nini? Buibui wako si wamejaa kwenye kuni zangu?"

Bibi Hadubini alitoa daftari, akamfuata mpishi. Ngazi waliniachia.

Jumamosi, 8 Machi
Spishi imepewa jina la mpishi. Kacheka hadi akashika meza, akisema nyumbani kwao hakuna atakayemwamini. Kisha akaniongezea kipande cha nyama. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Lebo zangu zote nne zimeandikwa upya. Bibi Hadubini kanieleza taratibu, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, kwamba lebo ya uongo huharibu kielelezo kuliko ukungu. Ni kweli tupu. Mimi nimo kwenye shukrani, baada ya dereva.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Mita kumi na mbili zilikuwa nyingi mno. Mita moja na nusu ingetosha kabisa, na ningeipanda bila ngazi.

Kesho anafika mtaalamu wa konokono. Mtu mwema, nasikia, na mwepesi wa kuamini.

La kufanya kesho alfajiri: okota konokono wote wa nyuma ya jiko kabla mpishi hajaamka.