Dhamana ya Wolfgang

Jumanne, 3 Septemba 1996

Nimemuuza mbuzi. Nimenunua kamera. Leo Kirua Vunjo nzima hakuna mwenye akili kuliko mimi, Emilian, na naliandika hilo hapa kwa sababu sijui kama kuna mwingine atakayeliandika.

Kamera ni ya Kijerumani. Nimeipata kwa Ronald, mpagazi wa mlimani, ambaye alipewa zawadi na mgeni aliyempandisha hadi kileleni. Ina boksi lake, mkanda wake wa shingoni, na kadi ya dhamana yenye jina la huyo mgeni: Wolfgang. Ronald anasema dhamana ni ya mwaka mzima. Ikiharibika unaipeleka kwa wakala Moshi mjini, inatengenezwa bure. Mwaka mzima! Sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Ni kweli, yule mbuzi alikuwa wa posa, wa kupeleka kwa kina Doris. Baba yake, Mzee Ndelilio, alinipa siku mbele ya wajomba: Jumamosi ya tarehe 21, mbuzi na pombe ya mbege, la sivyo atamsikiliza mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni Sirili mpiga picha. Lakini tarehe 15 Askofu anakuja parokiani kutoa kipaimara. Watoto tele, na kila mzazi atataka picha. Nitapiga picha, nitanunua mbuzi wawili. Mzee atapata mbuzi, Doris atanipata mimi, na Sirili atatafuta kazi nyingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Picha ya kwanza: Mama, mbele ya migomba. Alikataa kupigwa akiwa na jembe. Akaingia ndani, akavaa kitenge cha Pasaka, akajipaka mafuta, akatoka. Nikabonyeza. Kamera ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Nikabonyeza tena. Kimya. Mama alisimama akitabasamu mpaka ndizi zikaungua jikoni. Akasema yule mbuzi angalau ukimbonyeza alikuwa analia.

Sirili akapita njiani na kamera yake ya Kirusi, ile aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Akauliza kama yangu inapiga. Nikamwambia inapumzika. Akacheka, mshenzi. Haidhuru. Mimi nina dhamana!

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeshuka Moshi. Duka la wakala ni safi mno, nilifuta viatu mlangoni nikavifuta tena ndani. Nyuma ya meza yupo mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, anaitwa Mama Aikande. Nikampa shikamoo. Akaifungua kamera, akachungulia, akasema ni kitu kidogo, ni gia ya kuvutia filamu. Akaomba kadi. Akaisoma. Akaniuliza kama Wolfgang ndiye mimi.

Nikaitazama mikono yangu myeusi. Nikautazama mlango. Nikasema Wolfgang yuko msalani, naenda kumwita. Nikakusanya kamera na kadi, nikatoka, na sikusimama mpaka mnara wa saa. Yule mama alikuwa ananiita, anasema kitu. Sikusubiri kusikia. Hata polisi huanza kwa kukuuliza jina.

Jumamosi, 7 Septemba

Foleni ya kupima kahawa, chama cha msingi cha ushirika. Mbele yangu Sirili. Nilikuwa nimeamua kutomwambia. Nikamwambia.

Kumbe dhamana anazijua. Kaka yake Gerson aliwahi kukamatwa na magunia ya kahawa ya magendo akielekea Kenya, akapata dhamana. Siku kesi ilipoitwa Gerson alikuwa anaumwa tumbo, akamtuma binamu yake akasimame badala yake. Hakimu alifoka mpaka miwani ikamdondoka, na nusura binamu alale ndani. Sirili akasema dhamana ni ya mtu. Aliyeandikwa ndiye anayesimama, haihamishwi. Nikauliza kama na ya kamera ni hivyohivyo. Akasema dhamana ni dhamana.

Inaniuma kusema, lakini hapo sikuona kosa lake. Basi lazima Wolfgang atokee dukani mwenyewe. Na Wolfgang yuko kwao Ujerumani.

Jumapili, 8 Septemba

Nimempata Wolfgang!

Baada ya misa Katekista Valerian alitangaza kwamba watu wazima ambao hawajapata kipaimara wajiandikishe leo, na kila mtu aje na jina la mtakatifu aliyemchagua. Mimi sijapata. Mwaka wa kundi langu nilitoroka mafundisho nikaenda kutega ndege. Nilisimama hapohapo kwenye benchi mpaka Mama akanivuta shati.

Valerian akauliza nimemchagua nani. Nikasema Wolfgang. Akaniomba nirudie. Akaenda kuleta kitabu cha watakatifu, akapekua, na yumo! Alikuwa askofu huko huko Ujerumani, sikukuu yake Oktoba. Valerian machozi yakamlenga. Miaka yote hiyo anaandika kina Yosefu na Petro, hakuna aliyewahi kumkumbuka huyu. Akaniuliza mtakatifu huyo amenigusaje. Nikasema kwa njia ya mlima. Akaniandika.

Nje ya kanisa Doris alinipa mkono na hakuuachia haraka. Amesikia najiandikisha. Anadhani nafanya hivyo kwa ajili ya ndoa yetu, ili Padre asije akatuwekea kikwazo. Sikumkatalia. Alikuwa na furaha, nami nikawa na furaha, na sababu zilikuwa mbalimbali.

Jumatano, 11 Septemba

Mafundisho, na watoto wa darasa la tano. Nimewekwa nyuma kwa sababu nawaziba. Vipaji vya Roho Mtakatifu ni saba. Nilivitaja vitano, kisha nikataja subira, ambayo haimo. Watoto wanafurahi sana ninapoulizwa.

Inatakiwa niwe na msimamizi, mtu wa kusimama nyuma yangu na kuniwekea mkono begani mbele ya Askofu. Nimemchagua Sirili! Ameduwaa, kisha amekubali, kwa maana huwezi kukataa jambo la kanisa mbele ya Mama. Mpango wenyewe ni huu: aliyeweka mkono begani kwangu hawezi kushika kamera. Kwa hiyo Jumapili hakuna picha hata moja. Jumatatu Wolfgang anakwenda mjini, kamera inatengenezwa, wazazi wote bado wana kiu ya picha, nami napita nyumba kwa nyumba. Watoto watavaa tena nguo nyeupe, kazi ni kuzifua tu.

Wakati mwingine najiogopa.

Jumamosi, 14 Septemba

Mafungo parokiani kutwa nzima. Nyimbo, kimya, nyimbo. Nilitaka kuteremka mjini leo na jina langu jipya, niwahi. Valerian akasema jina si langu mpaka nipakwe mafuta. Nikakaa. Kamera iko chini ya kitanda, na duka halikimbii.

Jumapili, 15 Septemba

Kipaimara. Askofu akaniuliza jina. Nikasema Wolfgang. Akasogeza sikio. Nikarudia kwa nguvu na kanisa zima likasikia. Akanipaka mafuta, akanitazama kwa huruma. Mkono wa Sirili begani ulikuwa mzito kuliko inavyotakiwa, nadhani kwa makusudi.

Halafu nikasikia klik. Klik tena. Doris! Amesimama karibu na altare na kamera ya Kirusi shingoni, pamoja na mpira wake wa baiskeli. Sirili alimfundisha Alhamisi, jioni moja tu, na inasemekana ana mkono mtulivu. Amepiga kila mtoto na kila bibi. Amenipiga na mimi, mdomo wazi, naitikia amina.

Njia nzima kurudi nyumbani watoto walinifuata wakiita Wolofugangi. Nimeumia, si kwa sababu yao. Nimeumia kwa jinsi Doris na Sirili walivyoinamisha vichwa pamoja kuhesabu filamu zilizobaki.

Jumatatu, 16 Septemba

Mjini, na cheti cha kipaimara. Bado kina harufu ya wino. Nikaingia dukani kifua mbele, nikakiweka mezani juu ya kadi, nikasema Wolfgang amefika.

Mama Aikande alisoma cheti mbele na nyuma. Akauliza kina uhusiano gani na kamera. Nikamweleza. Akavua miwani. Akasema dhamana ya watengenezaji hawa haifuati mtu, inafuata kamera. Mwenye kamera na kadi ndiye mwenye dhamana, awe amenunua, amepewa au amerithi. Wapo watengenezaji wanaombana mnunuzi wa kwanza, lakini hawa si miongoni mwao. Siku ile aliniuliza jina apate kuandika tikiti ya kupokelea kamera, basi. Nilipotoka alikuwa ananiita kuniambia kazi ingekuwa tayari siku hiyohiyo.

Nikasema basi vizuri sana, aitengeneze. Akageuza kadi, akanionyesha tarehe aliyonunulia Wolfgang. Dhamana imekwisha juzi, Jumamosi.

Jumamosi! Nilikuwa naimba! Nikamuuliza kama haiwezi kuanza upya, maana Wolfgang naye ni kama amezaliwa upya jana. Akasema hapana, lakini akanipa kiti na chai. Nilikunywa. Nilikuwa karibu kulia na chai ilisaidia.

Jumatano, 18 Septemba

Dada yangu Mektrida ametoka kisimani na habari mbili. Ya kwanza: nyuma ya nyumba ya Sirili kuna mbuzi amefungwa, sikio moja jeupe. Nilikwenda kuchungulia kwenye uzio. Ni yeye! Mbuzi wangu! Sirili amemnunua sokoni kwa yule mchuuzi niliyemuuzia. Mbuzi aliponiona alilia. Jumamosi atapelekwa kwa Mzee Ndelilio, na hatapelekwa na mimi.

Ya pili inatoka kwa Doris mwenyewe. Anajua mbuzi nilimuuza, Kirua nzima inajua. Anasema yeye haolewi na mbuzi. Sirili hakuombwa mbuzi na mtu, na zile picha za kanisani yeye Doris alimsaidia Sirili kama jirani tu. Ameshazungumza na baba yake: nikienda Jumamosi mikono mitupu nikasema ukweli, kwamba niliuza, nikakosea, mzee ataguna, kisha atanisogezea siku hadi Krismasi. Doris atakaa palepale pembeni yangu. Anachotaka ni nifike na nisiongeze neno.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Doris! Nilimwambia Mektrida ajibu nitafika.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimelifikiria. Kusema ukweli, sawa. Lakini huo si mpango. Mtu yeyote anaweza kusema ukweli.

Mbuzi wa Sirili ni wa mtumba. Mimi ndiye niliyemnunua wa kwanza, akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo akifika kwa Mzee Ndelilio, kwa haki atakuwa amefika kwa jina langu, na Sirili ni mpagazi tu aliyemsindikiza. Nitasimama mbele ya wajomba na kulieleza hilo taratibu. Mama Aikande alisema dhamana inafuata kitu, haifuati mtu. Hayo ni ya kamera. Mbuzi ana damu, anamjua mwenyewe, na mimi nilipochungulia alilia. Wajomba wataona.

Mektrida amenisihi nifuate maneno ya Doris. Nimemwambia Doris atashangaa.

Limebaki tatizo moja. Mbuzi nilimnunua nikiwa Emilian, na sasa kila mtu, hadi Mzee Ndelilio, ananiita Wolfgang. Sirili atalishikilia hilo, namjua. Kwa hiyo kesho kabla ya kwenda nitapitia kwa Katekista Valerian, nimuulize kama kipaimara kinaweza kufutwa.