Sehemu Mpya Imeniponza

Mpepai, Mbinga.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni tunachokitazama hapa kwetu.

YAH: OMBI LA KUREKEBISHA HUKUMU KABLA HAIJATOKA

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka milimani, ambako baridi ya Julai inauma lakini kahawa, namshukuru Mungu, inaiva. Naitwa Romanus, mkulima, mkubwa wa ukoo wetu hapa Mpepai. Sina ugomvi na televisheni yenyewe. Niliinunua kwa hiari yangu kwa Ausi, mwenye duka pale Mbinga mjini, nikarudi nayo kwenye pikipiki nimeikumbatia kama mgonjwa. Ugomvi wangu ni na hizi sehemu mpya mnazotumwagia kila wiki, za kila aina, bila kuuliza sisi ni watu gani. Naomba nitaje madhara yake.

1. Tamthilia ya mapenzi. Kahawa iliyochumwa mchana humenywa jioni ile ile. Ikilala na maganda yake inachacha, na ushirika wanaikunjia pua. Ninyi mmeiweka tamthilia saa moja jioni hasa. Mke wangu Kunigunda na wake za wanangu wanaitelekeza mashine ya kumenyea, wanakwenda kumlilia msichana wa Dar es Salaam ambaye mche wa kahawa hajawahi kuuona. Mnamwoza lini? Mwozeni, tumenye.

2. Kipindi cha upelelezi. Juzijuzi nilimwambia Kunigunda kwamba nilikuwa kwenye mkutano wa ushirika. Zamani jibu hilo lilitosha. Sasa, baada ya kumwona mpelelezi wenu mwenye koti refu, alimhoji kwanza binamu yangu William nyuma ya nyumba, kisha akanihoji mimi jikoni, kila mtu peke yake. William alisema tulijadili mbolea. Mimi nilisema tulijadili uchaguzi. Laiti tungeafikiana kabla ya kutoka kilabuni! Ndugu Mkurugenzi, mbinu za polisi zisifundishwe kwa wake za watu.

3. Mashindano ya mapishi. Hapa nakiri vijana wetu walikosa. Waliona majaji wakionja na kutoa alama, nao wakaanza kuupa alama ugali wa mama zao. Walipompa Kunigunda nne kwa kumi kwa usipa, wale dagaa wa ziwani tunaoletewa kutoka Mbaha, ambao alikuwa ameuunga kwa karanga, wanawake wote waliweka miko chini wakasema majaji wapike. Majaji hawakujua hata chumvi inakaa wapi. Tulilalia ndizi mbivu.

4. Kipindi cha wanyama. Mlionyesha ndege dume akilalia mayai huku jike ametoka kutembea. Sitaki kueleza kilichofuata nyumbani kwangu.

5. Tamthilia ya mahakamani, ya Jumatano. Hii ndiyo iliyonishikisha kalamu. Yuko mjane wa pwani anaitwa Mwanahamisi, na shemeji yake Masoudi amekalia shamba la minazi la marehemu. Jumatano iliyopita hakimu alivaa miwani, akafungua kinywa, nanyi mkakata papo hapo, mkaandika tukutane wiki ijayo. Mlitaka tulale vipi?

Sisi Wamatengo tuna sengu. Jioni ukoo unakaa pamoja, tunakula vyungu vya nyumba zote, tunasemezana mambo yetu, na mkubwa wa ukoo ndiye anayefunga shauri. Neno alilolitamka pale halimezi tena. Zamani waliokaa ni wanaume. Siku hizi wanawake nao wamo, kwa sababu televisheni nimeiweka hapo hapo. Basi watu walipoikosa hukumu ya kwenu, wakaitaka ya kwangu. Nami, kwa kuwa minazi haikuwa yangu, niliamua kwa ukarimu. Nilisimama nikasema shemeji anayekalia shamba la mjane ni fisi tu, arudishe shamba, arudishe na mavuno, na aombe radhi mbele ya ukoo. Wakapiga vigelegele. Nilijisikia vizuri mno, nikaongeza na laana kwa atakayeipinga hukumu hiyo.

Vigelegele vilipokoma, alisimama Vitalia, mjane wa mdogo wangu marehemu Xaveri. Alipiga goti, akanishukuru kwa adabu zote, akasema shamba lake yeye ni lile la bondeni karibu na kijito.

Nieleweke hapa. Shamba lile sikulichukua, ninalitunza. Xaveri alipofariki watoto wake walikuwa wadogo, na magugu hayajui matanga. Kwamba watoto hao sasa wana ndevu, hiyo ni kazi ya Mungu. Na kama mavuno yake yamesomesha wanangu na siyo wa Vitalia, ni kwa sababu wanangu ndio waliokuwa shuleni.

6. Ombi langu. Mimi siwezi kulimeza neno la sengu, lakini mahakama ni kubwa kuliko sengu, hilo hata Vitalia analikubali. Kwa hiyo naomba, kwenye sehemu mpya ya Jumatano hii, hakimu ampe ushindi Masoudi. Aseme tu kwamba analitunza.

7. Ikishindikana kwa sababu za kisheria, mfufueni mume wa Mwanahamisi. Tamthilia zenu zimezoea kufufua watu, na hatutashangaa. Mjane akishapata mume, kesi inakwisha yenyewe.

Wasalimie wote hapo kituoni: mpelelezi, mwambieni apumzike kidogo, majaji wa mapishi, msichana wa saa moja na wazazi wake. Kunigunda naye anawasalimu, ingawa hajui ninaandika nini. Mkija huku msimu huu kahawa ya kunywa haitakosekana.

Wenu ambaye subira yake inaelekea ukingoni,

Romanus,
Mkubwa wa ukoo na mtunzaji wa shamba.

N.B. Barua hii ilikuwa ingali mfukoni ikisubiri mtu wa kwenda mjini, Jumatano ikafika, nanyi mkanitimizia hata kabla ya kuisoma. Hakimu alimpa Masoudi shamba lote. Ndivyo nilivyotaka. Lakini mkamwonyesha Mwanahamisi anatoka mahakamani na watoto wake, jembe begani, hana pa kulipeleka, na mimi nikajikuta nimesimama mbele ya ukoo mzima nikimfokea hakimu kwamba ni mwizi, Masoudi mwizi zaidi, na shamba la mama wa watu lirudi kwa mwenyewe leo hii. Nilipogeuka hapakuwa na mtu anayetazama televisheni. Kunigunda alikuwa ameipunguza sauti ili nisikike vizuri.

Kwa hiyo namba sita na namba saba zifuteni. Mwanahamisi akate rufaa, na ashinde. Vitalia ameingia shambani leo asubuhi na kapu lake la kuchumia. Nilipita pale njiani, akaniamkia shikamoo shemeji, kama siku zote. Nikaitika marahaba, nikaenda zangu.