Kikao cha Kona ya Mashine

Jumatatu, 6 Agosti 2007

Imethibitishwa! Mkoa unataka mtu mmoja tu kutoka Mbulu na Hanang aende Babati kwenye mbio za baiskeli za mikono. Kilomita mia moja. Mmoja! Mwalimu Scola, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi na sasa anasimamia michezo, amesema mchujo ni Jumamosi, Maretadu hadi Tumati. Nimelisubiri hili miaka sita, tangu nianguke kutoka juu ya lori la maharage na miguu ikanyamaza. Baiskeli yangu fundi Yohanes kaichomelea kwa vyuma vya kitanda, na inakwenda. Nimemwambia dada Imakulata aanze kupiga pasi shati la Babati.

Jumanne, 7 Agosti

Balaa. Amekuja mwanamke kutoka Getanuwas kwa ajili ya mchujo, anaitwa Hilaria. Miguu yake nayo haifanyi kazi. Nimemwona na baiskeli yake akipanda mlima wa kanisani huku anaimba. Anaimba! Mimi pale naona nyotanyota. Kanisalimia kwa adabu sana, akaisifia baiskeli yangu. Mnafiki. Nimekosa kabisa hamu ya kula. Makande nimeyamaliza ili Imakulata asisononeke.

Jumatano, 8 Agosti

Mpango umepatikana, tena halali. Huku kwetu mzee hapitwi barabarani kama mbuzi. Unasimama. Shikamoo, mmoja mmoja, habari za nyumbani, za ng'ombe, za maharage. Hilaria amelelewa vizuri, atasimama tu. Kutoka Maretadu hadi kona ya mashine ya kusaga ni tambarare, hapo namwacha. Baada ya kona ni milima, hapo atanimaliza. Basi pale konani namwekea wazee kumi na mmoja! Mimi nitapita saa tatu kasoro. Wazee nawaita saa tatu. Akili hii sijui niliitoa wapi.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimezunguka kutwa kualika wazee, nikisema nina shauri la kuwaletea pale konani. Mzee Bura, rika la marehemu baba, akauliza shauri lenyewe ni la nini. Nikamwambia atalijua hukohuko. Akatikisa kichwa kwa uzito. Mzee Akonaay akauliza kama ni la shamba au la mke. Nikacheka tu. Wote wamekubali! Leo nitalala kama mtoto.

Jumamosi, 11 Agosti

Nilichomoka vizuri. Nakaribia kona, Hilaria hata vumbi lake silioni. Natazama mbele, lo! Wazee wote kumi na mmoja wameshafika, wamevaa makoti ya kanisani, wamekuja na benchi. Nikapaza sauti, shikamooni wazee, bila kugusa breki. Mzee Bura akasimama katikati ya barabara na fimbo yake. Akasema marahaba, na kwamba mtu aliyeita wazee hapiti. Analeta shauri lake, anasikiliza, na anaondoka wao wakishafunga kikao. Jambo hilo nalijua tangu utotoni! Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Mzee Akonaay akafungua kwa sala. Akaombea mvua, ng'ombe, askofu, serikali, na wagonjwa wote kwa majina. Nikaambiwa nieleze shauri. Ningesema nini? Nikasema nataka kuoa. Mungu wangu! Wakachangamka, kila mmoja akataka kuchangia.

Hapo Hilaria akatokea. Akasimama, akaanza kuwaamkia mmoja mmoja. Nikafurahi kidogo. Lakini wakamjibu harakaharaka, marahaba mwanetu, wewe pita, sisi tuko kikaoni. Mzee Bura akauliza kama mchumba ndiye huyo. Nikakana kwa nguvu zote. Wakakubaliana kwamba kijana ana haya, na kuwa haya ni dalili njema.

Nilipofika Tumati Hilaria alikuwa anakunywa chai. Nililia. Miaka sita! Nililia mbele ya Mwalimu Scola na wala sikujificha.

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya misa Mwalimu Scola amekuja na daftari lake la muda. Anasema mpima muda wake wa pale konani aliandika kwamba nilifika nikiwa nimemwacha Hilaria dakika ishirini na mbili. Kikao kilinila dakika arobaini. Tumati nilichelewa nyuma yake dakika tisa tu, kwa hiyo hata milimani nilikuwa namkaribia. Akafunga daftari, akasema taratibu kwamba bila kile kikao ningeshinda, tena kwa mbali. Akaongeza kuwa Hilaria anaomba nimsaidie mazoezi mpaka siku ya Babati, kwa sababu hajaona mwenye mabega kama yangu. Imakulata alikuwa anasikiliza mlangoni. Alinitazama, akaingia ndani kulikunja lile shati la Babati.

Nimekaa peke yangu mchana kutwa nikijichunguza kwa unyenyekevu. Ilinichoma, lakini kosa langu nimeliona na ninalikiri hapa waziwazi. Wazee kumi na mmoja ni wengi mno. Mwakani nitaita watano.