Nusu ya Kiingereza kwa Siku Tatu

Gitega, Jumatatu, 6 Machi 2000

Naapa kuandika yote, hata ya aibu, ili Mama akilipata daftari hili asikose kitu. Alikwenda Muyinga kwenye mazishi ya shangazi, vita vikafunga barabara. Mwaka wa pili sasa. Leo habari kubwa! Wageni wa msaada wanataka mwanafunzi mmoja wa kuwatafsiria Kiingereza. Ijumaa watakwenda naye Muyinga, katika msafara wa wanajeshi. Kiti kimoja. Changu!

Tatizo dogo: Kiingereza sijui. Sisi tunasoma kwa Kifaransa.

Jumanne, 7 Machi

Mpango umepatikana. Mzee Melkiori, mshona viatu aliyewahi kusoma seminari, anasema Kiingereza nusu yake ni Kilatini. Portare ni kubeba: import, export, transport. Mzizi mmoja, maneno matatu! Nimempelekea sambusa za Bibi.

Tasleem wa darasani kwetu, binti wa Alnoor mwenye duka, aliwahi kuishi Kampala, kwenye Kiingereza. Kusikia mpango, amecheka. Ati we Husni, unataka kuongea na watu ama na makaratasi ya dawa?

Ana wivu.

Jumatano, 8 Machi

Mizizi kumi na tisa! Scribere ni kuandika: describe. Audire ni kusikia: audience. Maneno sitini na manne kichwani. Nimemwambia kuku: transport. Hakushtuka. Dalili njema.

Alhamisi, 9 Machi

Mtihani. Mgeni, mama wa miwani, akaniuliza swali fupi. Nikasubiri lipite neno langu hata moja. Halikupita! Maneno matano, hakuna hata moja la Kilatini. Nikajibu: transport. Akarudia polepole. Nikajibu: audience. Direkta wa shule akatazama dari.

Tasleem akaninong'oneza kuwa naulizwa mama yangu anaishi wapi.

Nililia mbele ya wote. Kiti kapewa Tasleem.

Ijumaa, 10 Machi

Tasleem amepita na begi lake. Ameapa atamtafuta Mama kwanza, wageni baadaye. Akirudi yuko tayari kunifundisha yale madogo: mama, nyumba, njoo. Nimekataa kwa adabu. Mtu akariri moja moja mpaka lini? Kosa langu nimeshaliona: nilitegemea lugha moja tu. Mzee Melkiori anasema kuna mizizi ya Kigiriki pia, ila yeye alifukuzwa kabla ya kuifikia. Wageni watarudi Juni.

Mama, daftari ndilo hili; Tasleem anangoja mlangoni alichukue. Nijibu kwa gari hilohilo: huko Muyinga kuna mtu anayejua Kigiriki?