Jina la Mama Mkwe kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Diwani wetu ametangaza rasmi kwamba magoti yamemshinda na hagombei tena. Kata hii haijawahi kuchagua chama kingine, kwa hiyo atakayeshinda Jumapili kwenye kura za tawi ndiye diwani, hata akilala usingizi mpaka siku ya uchaguzi. Na nani anafaa kuliko mimi? Miaka kumi na mbili nauza karatasi, natoa fotokopi na kuwajazia watu fomu. Nusu ya kata nimewaandikia barua za kuomba kazi. (Kazi hawakupata, lakini barua zilikuwa nzuri.)

Tatizo ni sheria mpya ya chama. Kila tawi lipitishe wagombea wawili, na mmoja awe mwanamke. Baraza lina viti ishirini na sita na hajawahi kukaa mwanamke hata mmoja tangu jengo lijengwe. Choo cha kina mama wamekigeuza stoo ya mafaili. Leo ndiyo wanakumbuka! Katibu wa tawi ameninong'oneza kwamba Muuguzi Mkuu wa zahanati anataka fomu ya nafasi hiyo ya mwanamke. Muuguzi Mkuu! Yule anayekuchoma sindano huku anakugombeza. Nitakuwa nimeshindwa kabla sijafungua mdomo.

Nimeumiza kichwa mpaka saa ya chai. Jibu likaja lenyewe. Mama mkwe.

Jumanne, 4 Juni

Mpango ni huu. Nafasi ya mwanamke ni moja, na anayewahi kurudisha fomu ndiye mwenye nafasi. Mama mkwe anaishi kwetu, chumba cha uani, tangu alipostaafu. Ni mpole. Baada ya chakula cha mchana hulala. Miaka kumi na moja tangu nimuoe binti yake hatujazidisha salamu: shikamoo Mama, marahaba mwanangu, basi. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Nikiwa mezani, yeye anakumbuka kitu jikoni. Sijui hata alikuwa anafanya kazi gani pale hospitali kubwa, mambo ya nguo nguo hivi. Mpinzani bora kuliko huyu hayupo.

Kumpelekea fomu mwenyewe nisingethubutu. Nilimpa mke wangu, nikamweleza ni ya kutimiza idadi tu. Aliisoma mara mbili. Akauliza, na Mama akishinda je? Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Fomu ilirudi imetiwa saini safi, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Nilifika kwa Katibu dakika ishirini kabla ya Muuguzi Mkuu. Nilipotoka nilimpisha mlangoni kwa adabu zote.

Jumatano, 5 Juni

Mabango. Yangu mia mbili, rangi kamili, nimevaa suti ya kinyozi wa jirani, ambaye ndiye meneja wangu wa kampeni. Ya Mama mkwe ishirini, karatasi nusu, wino unaoelekea kuisha, picha ya harusini ambayo bega la mtu limemfunika nusu ya uso. Hakuna atakayesema sikumtengenezea.

Mchana nilitoka kidogo. Kurudi dukani, mashine ya fotokopi imepata moto, rimu mbili za karatasi hazipo. Mke wangu ndiye aliyekuwa anashika duka. Anasema wateja walikuwa wengi. Siku hizi ana daftari, anaandika majina ya wanawake na mitaa wanayokaa. Nadhani ni kile kikundi chao cha kusaidiana. Vizuri, asikae bure.

Alhamisi, 6 Juni

Habari mbaya kutoka kwa kinyozi. Mama mkwe alikuwa msimamizi wa kitengo cha kufulia nguo cha hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Wanaume tisa walikuwa chini yake! Wawili wanauza mitumba sokoni sasa, na mpaka leo akipita wanasimama.

Kuna baya zaidi. Badala ya kununa, Muuguzi Mkuu amekuja kunywa chai uani kwetu saa mbili nzima. Nyumbani kwangu! Kwa sukari yangu! Nilitaka kusogea nisikie wanapanga nini, lakini Mama mkwe alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu, ningepitaje pale? Heshima imenizuia kupeleleza nyumba yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutano wa wagombea, ukumbi wa shule. Nilipanga nianze mimi, niongee dakika arobaini, watu wachoke, Mama mkwe abaki na viti vitupu. Nikazungumzia maendeleo. Nikazungumzia dira. Dakika ya kumi na tano mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza mpinzani wangu ana kasoro gani. Swali la kawaida kabisa la kampeni. Ningekuwa na mpinzani wa kawaida ningemchanachana. Lakini huyu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, mikono mapajani, anatazama chini kwa kunistahi.  Nikasema hana kasoro. Ukumbi ukapiga makofi. Nikasema amenilelea mke mwema. Makofi zaidi. Dira ikanipotea, nikakaa.

Yeye alitumia dakika tano. Hakushika karatasi.

"Nusu yenu mmelala kwenye mashuka yangu," alisema. "Magonjwa yenu nayajua, na sijamwambia mtu."

Kicheko ukumbi mzima, na mimi nimo. Kisha akaacha kutabasamu. Akasema zahanati yetu huu ni mwaka wa sita haina maji, na mwanamke anayekwenda kujifungua anaambiwa aje na shuka lake na ndoo yake ya maji. Akasema ameomba kumbukumbu za vikao vya baraza, amezisoma zote, jambo hilo halimo hata mstari mmoja.

"Siwalaumu. Mle ndani hajawahi kukaa mtu aliyeibeba hiyo ndoo."

 Nikaikumbuka ndoo ya bluu, mtoto wetu wa pili. Mimi niliinunua, nikajisifu kwamba nimepata yenye mfuniko. Mke wangu aliibeba, uchungu umeshaanza, kwa sababu mimi nilikuwa nimebeba mwavuli. Niliona aibu sana. Nilipozinduka nilikuwa nampigia makofi mpinzani wangu, nimesimama.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa mwisho! Nimemkatia Mama mkwe tiketi ya basi, kwenda na kurudi, akamwone dada yake leo hadi Jumatatu. Nani ana mkwe mkarimu kama mimi? Mke wangu akaniletea jibu: Mama anashukuru sana, ila kesho ana shughuli. Nikaitupa tiketi juu ya meza dukani. Kinyozi akaiona, akasema naye ana shangazi yake upande ule. Ameondoka saa nne. Sina meneja. Na suti ameondoka nayo.

Alasiri nimekaa sebuleni, mara Mama mkwe huyu hapa mlangoni. Nikanyanyuka nitoke, lakini mlango ndio huohuo mmoja. Akasimama ameshika fremu, anatazama pembeni.

"Mwanangu, niwie radhi, leo nitasema kidogo. Kazini miaka yote majina ya wakubwa yalikuwa ukutani. Langu lilikuwa kwenye magunia ya nguo chafu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuliandika mahali pa maana. Humu ndani hatuzungumzi, nikadhani hunioni. Kumbe unaniona."

Ningesema nini? Ukweli?  Nikasema asante Mama, nikatazama zulia. Alipoondoka nilijiona mtu mdogo, mdogo sana. Sikuwahi kumwona hata siku moja. Niliona nafasi tu.

Kisha nikaandika pembeni ya daftari la duka: "Mgombea Anayeona Watu." Litakuwa bango zuri. Nimechapa thelathini.

Jumapili, 9 Juni

Kura. Uwanja wa shule, kila mwanachama anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Saa tatu mstari wangu ulikuwa mrefu kuliko wake. Nikapunga mkono. Saa tatu na nusu wakaanza kuingia wanawake, mtaa baada ya mtaa, kila kundi na kiongozi wake. Na pale getini, na daftari lake, anaweka vema kwenye majina mmoja mmoja, mke wangu! Nilifurahi kuona kikundi chao kina nidhamu namna ile, nikasubiri awalete upande wangu. Hakuwaleta. Nadhani walichanganyikiwa na jua.

Kabla ya kuhesabu, Mama mkwe akawa anatafuta pa kuweka mkoba wake. Chini matope. Akanitazama. Ningekataa vipi, mbele ya watu? Nikavuka uwanja, nikaupokea kwa mikono miwili. Wakati huohuo Katibu akapuliza filimbi na kutangaza kwamba aliye kwenye mstari asitikisike. Nikamwonyesha kwa macho kwamba mimi ni mgombea. Akanihesabu.

Mama mkwe mia na arobaini na mbili, mimi nikiwemo. Mimi thelathini na nane, bila mimi.

Nimeanza kuandika rufaa. Nilihesabiwa kimakosa, na kura hiyo moja ikirudishwa mahali pake, picha nzima inabadilika.

Alhamisi, 20 Februari

Rufaa bado haijajibiwa. Miezi minane! Ndiyo nchi tunayoijenga.

Leo maji yamefunguliwa zahanati. Diwani, yaani Mama mkwe, hakuhutubia. Alikunja mikono ya gauni, akafua shuka moja mbele ya watu wote, akalisuuza mara mbili, akalianika. Muuguzi Mkuu alilia. Nami nililia, nasema kweli. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa amesimama karibu yangu, hana ndoo. Wenzake barazani ni ishirini na tano, wote wanaume, na nasikia sasa wakimwona anafungua faili wanakaa vizuri kwenye viti. Nilijivunia kama vile nilifanya kwa makusudi.

Lakini siasa hailali. Mwenyekiti wa tawi anang'atuka, na kiti kile ndicho mlango wa ubunge! Sheria ni ileile, majina mawili, moja la mwanamke. Muuguzi Mkuu ameshaanza kuulizia fomu. Safari hii sirudii kosa. Kosa langu lilikuwa kumweka mtu nisiyemjua. Sasa nimemweka ninayemjua ndani nje, tunayekula naye sahani moja kila siku: mke wangu. Hana habari kabisa na mambo ya siasa. Nilipompelekea fomu jikoni nilimkuta tayari ana kalamu mkononi. Ametia saini bila kuuliza swali hata moja, maskini.