Ndege ya Mwanza na Ng'ombe wa Umbali

Mabira, Kyerwa

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Mabira, ambako mvua imeanza vizuri na hatuna ugomvi na mtu, isipokuwa ndege ya Bukoba kwenda Mwanza. Naomba nafasi niishitaki.

Mwaka jana binti yangu Kemigisha alichumbiwa na Mwesiga, kijana wa Muleba anayefanya kazi Mwanza. Siku ya mahari niliwaambia wakwe, "Mnampeleka mbali. Mama yake akimkumbuka, ni bodaboda hadi Omurushaka, basi hadi Bukoba, halafu basi jingine kutwa nzima kulizunguka ziwa. Umbali huo nao una ng'ombe wake." Walinong'onezana, wakakubali. Akaongezwa mmoja, mweusi, pembe ndefu.

Baada ya harusi, maharusi na mshenga wao, mzee Fidele, walipanda ndege. Sisi tuliowasindikiza tulikuwa bado Kyaka, njiani kurudi, gari limepata pancha, simu ikaita. Ni mzee Fidele: "Mkwe, tumefika, nimeshaoga. Sasa yule ng'ombe wa umbali tutamchukua lini? Umbali wenyewe sijauona."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege hii inakatisha ziwani bila kupita Biharamulo wala Geita kama watu wengine. Huku kwetu kukatisha shamba la mtu ni kesi.

2. Safari isiyofika saa moja inawavunjia heshima wazazi. Mke wangu Celestina alikuwa bado analia ndani ya gari, Kemigisha akampigia: "Mama, bado unalia? Mimi napika." Kilio kikakatika hapo hapo. Tulifika nyumbani macho makavu, majirani wakasema hatuna uchungu na mtoto.

3. Jirani yangu Rwezaura ameozesha Bweranyange, karibu kabisa. Kwa ubovu wa njia, wakwe zake walitumia muda mrefu kuliko wangu, na ng'ombe wa umbali amempata bila kubishiwa. Hii ni haki?

Kwa hiyo naomba ndege ipite juu ya Biharamulo, Chato na Geita, ipunguze mwendo kwenye kila stendi, ifike jioni, abiria wakiwa wamechoka. Ikishindikana, uwanja wa Mwanza usogezwe. Hilo nalo likishindikana, tiketi iandikwe "Mwanza ni mbali" na kupigwa muhuri, nimwonyeshe mzee Fidele.

Nisalimie waandishi, wapiga chapa, na mama anayewaletea chai.

Wako mwenye masikitiko,
Alistides Rweyemamu,
mfugaji.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mwesiga amepiga simu. Kemigisha ameshikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake, yuko hospitali, anamwita mama yake. Celestina ameshaondoka kuwahi ndege ya mchana. Tafadhali barua hii usiichape, wenye ndege wasije wakaifuata. Nimewapigia kuuliza safari ni ya muda gani, wakajibu karibu saa nzima. Saa nzima, Ndugu Mhariri! Wanafanya nini muda wote huo huko juu?